Msiufunike ua

Hoteli yangu ya kwanza mjini Dali, mkoani Yunnan, kusini-magharibi mwa China, ilikuwa nyumba ya kale ya Wabai, kabila la wenyeji wa huko, iliyokarabatiwa kwa fedha nyingi. Lango lilikuwa la nakshi, boriti zimepakwa mafuta zikang'aa. Lakini ua wa katikati ulikuwa umeezekwa kioo, paa hadi paa, na chini yake pamepangwa makochi na meza ya mapokezi. Mchana mlikuwa na fukuto la chumba kilichofungwa siku nyingi. Usiku mvua ilinyesha, ikawa inagonga kioo kama mgeni aliyefungiwa nje. Asubuhi nilikusanya mizigo yangu nikaondoka.

Nilikwenda Xizhou, mji mdogo ulio kama kilomita 20 kaskazini mwa Dali, kati ya milima ya Cangshan na ziwa Erhai. Huko nililala siku nne katika nyumba nyingine ya kale iliyogeuzwa hoteli, ila hii ua wake umeachwa wazi. Ndipo nilipojua ni nini hasa kilichonikera kule mjini.

Kwa Kichina ua wa namna hii huitwa tianjing, yaani kisima cha mbingu. Nyumba za matajiri wa Xizhou zilijengwa kwa mpango uitwao "nyumba nne, visima vitano": majengo manne yanazunguka ua mkubwa, na katika kila pembe pana ua mdogo. Aliyekuwa na uwezo wa kadiri alijenga "nyumba tatu na ukuta mmoja". Hapo upande wa nne hauna vyumba. Una ukuta mrefu uliopakwa chokaa nyeupe, wenye kijipaa juu yake na michoro pembeni.

Mwanzoni nilidhani ukuta ule ni pambo tu. Kumbe una kazi. Nyumba kuu huipa mgongo milima ya magharibi, unakotoka upepo, ikatazama ziwa upande wa mashariki. Kwa hiyo jua likipinda, vyumba vikubwa hubaki kivulini. Ukuta ule unatazamana navyo. Jua la alasiri linaupiga, nao unaurudisha mwanga ndani. Nilikaa mlangoni pa chumba changu saa kumi nikaushuhudia ukigeuka rangi, mweupe ukawa wa maziwa, kisha wa asali, na dari ya mbao juu yangu ikawa inang'aa bila taa. Fundi aliyekufa zamani alikuwa bado ananimulikia chumba. Ukiweka kioo juu ya ua, hata kikiwa safi namna gani, kazi hiyo unaipunguza. Kikishika vumbi, unaiua kabisa.

Katikati ya ukuta huandikwa maneno manne, na mwenyeji akiyasoma hujua ukoo wa mwenye nyumba. Ukoo wa Yang huandika kwamba urithi wao ni usafi wa moyo. Wanamkumbuka Yang Zhen, ofisa wa China ya kale, enzi za wafalme wa Han, aliyeletewa dhahabu usiku na mtu aliyemwambia hakuna atakayejua. Akamjibu kwamba mbingu inajua, ardhi inajua, wewe unajua na mimi ninajua. Maneno ya namna hiyo yakiandikwa uani, ni haki mbingu iachwe iyasome.

Mimi ni mtu wa Lamu, na huenda ndiyo sababu jambo hili linanigusa hivi. Kwetu ua wa ndani wa nyumba ya mawe huitwa kiwanda. Ukiingia unapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unakata kona ili macho ya mpita njia yasifike ndani, kisha unatokea kiwandani chini ya anga. Mbele yako pana msana, ulio wazi upande mmoja, ambako watu hukaa, hula na husuka mikeka. Basi nilipoiona nyumba ya Xizhou nilishtuka. Lango liko pembeni, halikuoneshi ndani moja kwa moja. Na mbele ya vyumba pana baraza pana lililofunikwa na paa lililojitokeza, na humo ndimo familia ilimokula, ikapokea wageni na kufanya kazi za mikono. Ni msana mtupu, umejengwa maelfu ya kilomita kutoka kwetu na watu ambao hawakutuona.

Ingawa kitu chetu kimoja walikijua. Yunnan ilitumia kauri, yale makombe madogo ya baharini, kama fedha kwa karne nyingi, hadi miaka ya 1600, na nyingi zilitoka visiwa vya Maldivi, katika bahari yetu hii ya Hindi.

Nawasikia wenye hoteli. Wageni hawataki kulowa. Dali iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku wa baridi unauma kweli. Nililala na blanketi la umeme. Na ua uliofunikwa unaweka meza kumi zaidi za kahawa, na meza ni pesa. Haya yote ni kweli. Lakini suala la mvua wajenzi walikwisha kulitatua. Baraza lile lina upana wa kutosha watu wanane kuzunguka meza, na unaweza kuizunguka nusu ya nyumba bila kuguswa na tone. Wageni wa mama mwenye nyumba wangu wote walikula humo. Baridi nayo ni ya chumbani, na huko ndiko kwa kuweka kipasha joto.

Wala sisemi watu wakae kwenye makumbusho. Nyumba hizi zilijengwa na wafanyabiashara kwa faida ya chai na misafara ya farasi na nyumbu iliyofika hadi Tibet na Burma, na ni heri hoteli kuliko zibomoke. Mwaka 2008 Mmarekani Brian Linden na mkewe Jeanee walifungua hoteli hapo Xizhou katika nyumba ya mfanyabiashara Yang Pinxiang, ya miaka ya 1940, ambayo inalindwa kitaifa. Mgeni anapata maji ya moto na kitanda kizuri, na nyua bado ni nyua. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haiwezekani.

Kuna na suala la mbao, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mhimili wa nyumba ya Wabai ni fremu ya miti iliyounganishwa kwa ndimi na matundu, na Wachina husema kuta zinaanguka, nyumba haianguki. Mwaka 1925 Dali ilipigwa na tetemeko kubwa, kwa hiyo huko msemo huo si maneno matupu. Miti hiyo inataka hewa. Ukiifungia chini ya kioo, pamoja na mvuke wa jikoni na pumzi za watu hamsini, unaialika kuoza.

Jioni ya mwisho mama mwenye nyumba alitukaribisha chai yao ya vikombe vitatu: cha kwanza kichungu, cha pili kitamu chenye jozi na jibini, cha tatu cha asali na tangawizi kinachobaki ulimini. Tulizungumza kwa programu ya kutafsiri kwenye simu yake. Mvua ikaanza. Hakuna aliyehama barazani. Maji yalishuka kutoka mapaa yote kwa pamoja, yakatiririka juu ya mawe yaliyolazwa kwa mteremko mdogo sana, yakaingia kwenye mfereji mwembamba pembeni na kutoweka. Nilimuuliza kama huwa yanatuama. Akanijibu kwamba kila mwaka, kabla ya masika yao, mwanawe huusafisha mfereji.

Kaka yangu anataka kukiezeka kiwanda cha marehemu bibi yetu kwa mabati ya plastiki, kwa sababu maji yanatuama na watoto wanateleza. Nimemtumia picha za Xizhou. Ukuta sikuupiga sana. Nyingi ni za ule mfereji, kutoka kila upande.