Bomba hadi uani: nani atalipia maji baada ya utepe kukatwa?

Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 uliolenga kila mwanakijiji apate maji safi na salama ndani ya mita 400 kutoka anapoishi ifikapo 1991. Mwaka ukafika, lengo halikufika. Mwaka 2019 India ikajipangia kubwa zaidi kupitia Jal Jeevan Mission: bomba katika kila kaya ya kijijini na lita 55 kwa mtu kwa siku, yote ifikapo 2024. Kaya zenye bomba zilipanda kutoka takriban milioni 32 hadi zaidi ya milioni 150, kasi ambayo hata wakosoaji wa mpango huo hawaibishii. Hata hivyo, muda umesogezwa hadi 2028.

Kati ya malengo hayo mawili ndipo ulipo ubishi wa leo. Je, serikali ifikishe bomba kwenye kila ua, au iishie kwenye vituo vya kuchotea, fedha hizohizo zifikie vijiji vingi zaidi?

Wanaotaka bomba la nyumbani wana hoja nzito, na haianzii kwenye takwimu. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 kichwani. Familia ya watu watano inayotaka lita 25 kwa kila mtu inahitaji ndoo sita na ushei kila siku, na mbebaji karibu kila mara ni mama au binti. Ukimpunguzia umbali kutoka kilomita mbili hadi mita 400 umemsaidia sana, lakini bado atabeba. Na maji ya kubebwa hutumiwa kwa kubana: ya kunywa na kupikia hayakosi, ya kunawa mikono ndiyo yanayopunjwa. Isitoshe, yakitoka salama kwenye koki yanaweza kuchafuka ndooni, kwenye kata au kwenye pipa la ndani. Ndiyo maana WHO na UNICEF hawaihesabu huduma kuwa imekamilika mpaka maji yawe kwenye makazi yenyewe, yapatikane yanapohitajika na yasiwe na uchafu.

Kuna utafiti wa Tangier, Morocco, uliochapishwa 2012, ambao nadhani kila mpangaji wa miradi ya maji angefaa kuusoma. Familia zilizokuwa zikichota kwenye koki za umma zilikopeshwa bila riba ili ziunganishiwe maji nyumbani. Magonjwa ya maji hayakupungua, kwa sababu maji ya koki ya umma yalikuwa salama tangu awali. Kilichoongezeka ni muda wa kupumzika na wa kukaa na watu, na ugomvi juu ya maji ukapungua. Tangier ni mji, si kijiji. Lakini funzo linahamishika: anayetetea bomba la nyumbani kwa hoja ya afya pekee anaweza kushindwa na takwimu, ilhali faida yenyewe ipo, na watu walikuwa tayari kuilipia.

Upande wa pili nao si wa wachoyo. Vijiji vingi nyumba zimetawanyika, na kila bomba jipya lina mita zake za kuchimbia. Kiwango kinachotumika Tanzania ni kituo kimoja kwa watu 250. Watu haohao wakiunganishiwa kila kaya, hiyo ni miunganisho takriban hamsini, kila mmoja na dira yake, koki yake na mahali pake pa kuvuja. Maji yakifika uani, matumizi nayo hupanda, na kisima kilichotosheleza vituo kinaanza kuelemewa.

Dalili huonekana mwishoni mwa laini. Nyumba zilizo karibu na tangi hupata maji kwa presha nzuri tangu alfajiri. Za mwisho hungoja wa juu wafunge, na zikipata, ni uzi mwembamba usiku. Mgawo ukianza, hatari inazidi: bomba likikaa tupu, maji machafu ya ardhini huingia kupitia nyufa na maungio, na valvu ikifunguliwa ndiyo yanayotangulia kutoka. Mwenye nyumba naye anarudi kwenye mapipa, yaani kwenye uchafuzi uleule uliotakiwa kuepukwa. Lakini kwenye taarifa ya mradi kaya hiyo tayari imehesabiwa kuwa na bomba.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye tatizo, kuliko kwenye kuchagua bomba au kituo. Mabomba hulipiwa na bajeti ya maendeleo na yana sherehe ya uzinduzi. Klorini, umeme wa pampu na posho ya fundi havina sherehe, na mara nyingi huachiwa kijiji. Sera ya Maji ya Tanzania ya 2002 ilisema waziwazi kwamba jamii za vijijini zibebe gharama zote za uendeshaji na matengenezo. Afrika Kusini, kuanzia 2001, ilielekea kwingine: lita 6,000 za bure kwa kaya kwa mwezi. Maji ya bure yana udhaifu wake, maana ruzuku isipofika kwa wakati mitambo hukosa matunzo. Lakini kuwaachia watu wachache, walio mbalimbali na wenye kipato cha msimu, gharama za pampu iliyoungua ni kuwadai wasichoweza. Bei ya maji ilipe mwendeshaji, dawa na nishati. Pampu na tangi zibaki mzigo wa serikali, ziwe na fungu lake kila mwaka.

Kwa hiyo naunga mkono bomba la nyumbani, kwa sharti kwamba vituo visifungwe. Ada ya kuunganishiwa huwaacha nje walio maskini zaidi, na kituo kikiondolewa wanabaki kununua kwa jirani kwa bei anayotaka yeye. Mabomba makuu nayo yapimwe kwa ukubwa wa matumizi ya nyumbani tangu mwanzo, hata kama mwaka wa kwanza ni vituo tu. Kufukua upya ni ghali kuliko bomba nene. Mkandarasi naye abakizwe sehemu ya malipo yake mpaka maji yatoke mwaka mzima kwenye koki ya mwisho wa laini, si ile iliyo chini ya tangi ambako wageni wa uzinduzi hupelekwa.