Kutokuwepo kwa ajali si ushahidi wa usalama
Kuna makala yanayodai kwamba eneo la ujenzi ambalo halijaripoti ajali mwaka mzima ni salama. Hilo silikubali, kwa kuwa idadi ya ajali hueleza yaliyokwisha kutokea tu, tena yale yaliyoripotiwa. Nikisimamia usalama kwenye majengo ya ghorofa hapa Kilimani, Nairobi, nimemwona fundi akifunga kidole kilichopasuka kwa kitambaa na kurudi kazini kimya, akihofia kuwakosesha wenzake marupurupu ya mwezi usio na ajali. Afadhali tuhesabu majukwaa yaliyokaguliwa kabla ya zamu, matofali yaliyoanguka bila kumgonga mtu yakaripotiwa, na hasa kasoro zilizorekebishwa kwa wakati. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuunda kamati ya usalama. Je, kamati ya kazini kwenu hufuatilia nini kabla mtu hajaumia?