Msihame-hame: vijana wa kanisa wanapokwenda kutumika jijini

Likizo ya kiangazi ikikaribia, makanisa mengi huanza kuandaa safari ya misheni ya vijana kwenda jiji kubwa. Ratiba zake hufanana sana. Jumatatu kugawa chakula kwa wasio na makazi, Jumanne michezo na watoto, Jumatano kupaka rangi kituo cha wazee, Alhamisi kushuhudia mitaani, Ijumaa kuokota takataka bustanini. Siku tano, mitaa mitano, wenyeji watano. Kwangu mimi ratiba hiyo ndiyo inayoiharibu safari, hata pale ambapo kila basi limefika kwa wakati.

Yesu alipowatuma wale sabini, katika Luka 10, aliwatuma wawili wawili, akawaambia wakae katika nyumba iyo hiyo, wale wanachowekewa. Kisha akaongeza neno ambalo waandaaji wengi hulipita haraka: "Msihame-hame kutoka nyumba hii mpaka nyumba hii." Ningependa kila kamati ya safari ilibandike neno hilo ukutani kabla ya kuandika ratiba.

Kila kazi ina muda wake wa kujifunza. Kijana anayeingia jiko la kulisha watu kwa mara ya kwanza lazima aonyeshwe pa kunawa, aproni zilipo, mlango gani haufunguliwi, nani anaruhusiwa kushika kisu. Siku hiyo ya kwanza anamchosha mwenyeji kuliko anavyomsaidia. Siku ya pili haulizi sana. Siku ya tatu msimamizi anaweza kumwachia meza ya kugawa chakula na kwenda kukaa na yule mzee ambaye kwa wiki mbili amekuwa akitaka mtu wa kuzungumza naye. Mkihama kila asubuhi, kila siku yenu inakuwa siku ya kwanza, na mzee yule anaendelea kusubiri.

Basi chagueni mwenyeji mmoja, kanisa au kituo kilichokuwepo mtaani kabla yenu na kitakachobaki mkishaondoka. Kazi za Kikristo zilizodumu katika miji mikubwa zilianzishwa na watu waliokaa. William na Catherine Booth walianza mashariki mwa London mwaka 1865, na kutoka hapo likaja Jeshi la Wokovu. Jerry McAuley, aliyewahi kuwa mfungwa, alifungua nyumba yake ya misheni mtaa wa Water Street, New York, mwaka 1872, akaihudumia mitaa aliyoijua mwenyewe. Kikundi cha wiki moja hakiwezi kufanya kazi ya namna hiyo. Kinaweza kuwaazima mikono wanaoifanya.

Ongeeni na mwenyeji miezi sita kabla, na swali la kwanza liwe hili: kazi gani imelala kwa kukosa mikono? Jibu mara nyingi halipendezi. Stoo haijapangwa tangu mwaka jana. Mablanketi hayajafuliwa. Makopo yamechanganyika, yaliyopitwa na tarehe yamekaa na yanayofaa. Mlezi wa vijana akilisikia jibu hilo hushawishika kupendekeza kitu chenye uhai zaidi, labda mchezo wa kuigiza uwanjani. Ajizuie. Stoo iliyopangwa vizuri humrudishia mpishi muda kila siku kwa miezi mingi. Mchezo wa kuigiza huisha jioni ile ile.

Miezi miwili kabla, mtu mzima mmoja aende akaone kwa macho, akiwa na futi ya kupimia na daftari. Jiko la kawaida la kituo hubeba watu sita wapya kwa wakati mmoja, halibebi ishirini na watano. Wanaozidi hubaki wamesimama ukutani na simu zao, na uvivu huo si kosa lao. Kikundi chenu kikizidi kumi na watano, gawanyikeni sehemu mbili kwa wenyeji wawili, kila sehemu ikae kwa mwenyeji wake wiki nzima.

Nitoe mfano wa rangi, kwa kuwa karibu kila kikundi hupewa chumba cha kupaka. Chumba cha mita 4 kwa 5, chenye kimo cha mita 2.7, kina ukuta wa karibu mita za mraba 49. Toa mlango na madirisha, unabaki na 44 hivi. Lita moja ya rangi ya ukutani hufunika takribani mita za mraba 10 kwa kupaka mara moja, kwa hiyo kupaka mara mbili kunataka lita 9. Nunueni 10. Watu wanne wanatosha: wawili kwa brashi kwenye kona na pembeni mwa fremu, wawili kwa rola. Wakiwa kumi, sakafu ndiyo inayopakwa.

Kinachoharibika ni kile kile kila mahali. Vijana wana hamu ya kuona rangi, basi wanaruka kazi ya kuosha. Ukuta wa chumba kilicho karibu na jiko una utando wa mafuta usioonekana, na rangi haishiki juu ya mafuta. Pitisha kidole: kikiteleza, ukuta haujawa tayari. Uoshwe kwa maji ya sabuni, usuuzwe, uachwe ukauke kabisa, sehemu zinazomenyeka zikwanguliwe na kupigwa msasa. Siku ya kwanza nzima inaweza kuishia hapo, na iishie hapo. Kosa la pili ni haraka ya kupaka mara ya pili. Rangi ya chini ikiwa bado mbichi, rola inaivuta na kuacha mikwaruzo na mapovu. Someni saa zilizoandikwa kwenye kopo, na hali ya hewa ikiwa na unyevu mwingi, ongezeni. Kazi hiyo inataka siku tatu kwa uchache, na hapo ndipo ratiba ya kuhama-hama inapovunjika yenyewe.

Kwenye chakula, mwenyeji ndiye mwenye sheria, lakini vijana wajue sababu zake. Bakteria huongezeka kwa kasi chakula kikiwa kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Cha moto kikae juu ya 60, cha baridi chini ya 5, na kilichokaa nje saa mbili kimwagwe. Kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, ni saa moja tu. Sufuria ya lita 10 hutoa sahani 40 kwa upawa wa mililita 250. Mgawaji mpya huwa na huruma mwanzoni mwa foleni, anajaza upawa mpaka unamwagika, na watu kumi wa mwisho wanakuta sufuria tupu. Afundishwe kupima kwa upawa ule ule, kumtazama mtu usoni, kumsalimu, na kumuuliza anachotaka pale palipo na cha kuchagua.

Usafi wa bustani au uchochoro nisingewapa walio chini ya miaka 16. Mkiufanya, watu wazima wawili watangulie kukagua sindano zilizotumika. Kijana akiiona sindano asiiguse hata akiwa na glavu, kwa kuwa glavu ya kawaida haizuii sindano. Asimame, ainue mkono, aite. Mtu mzima aliyefundishwa aiokote kwa koleo, aiingize kwenye chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko, ncha ikitangulia. Mfuko wa takataka ushikwe shingoni, usikumbatiwe wala kushindiliwa kwa mkono au mguu.

Jijini, kutembea kwenyewe ni kazi. Mtu mzima mmoja kwa vijana watano, wa kike na wa kiume wawepo kati ya walezi, na asiwepo mlezi anayebaki peke yake na kijana mmoja mahali pasipoonekana. Kwenye treni ya chini ya ardhi, mlezi mmoja apande kwanza, mwingine awe wa mwisho, na hesabu ifanywe kabla ya kushuka ngazi na baada ya kutoka. Milango itamfungia mtu siku moja. Kanuni iwe fupi, ikaririwe na kila mmoja: aliyebaki kituoni abaki pale pale, aliyebebwa na treni ashuke kituo kinachofuata na asubiri pale aliposhukia. Mlezi ndiye anayemfuata. Wakitafutana wote wawili, wanapishana ndani ya treni mbili zinazokwenda pande tofauti, na chini ya ardhi huenda simu isishike mtandao. Kila kijana awe na kadi ya karatasi yenye namba mbili za walezi na anwani ya mahali wanapolala, kwa sababu simu huisha chaji.

Joto nalo lisidharauliwe, maana lami na saruji hulitunza hadi usiku. Maji yanywewe kila dakika ishirini, bila kungoja kiu. Kijana mwenye kichwa kinachouma, kichefuchefu na jasho jingi apelekwe kivulini, apoozwe kwa maji, anywe taratibu. Akianza kuchanganyikiwa au kuzirai, hiyo ni dharura: pigeni simu ya huduma ya dharura huku mkiendelea kumpooza. Fomu za ridhaa za wazazi, orodha ya mizio na dawa za pumu zikae kwenye begi analobeba mlezi. Zikibaki ndani ya gari lililoegeshwa mbali, hazina msaada.

Kuhusu watoto, nina msimamo mkali. Mtoto anayezoea mgeni siku nne na kumwona akiondoka ya tano anapata hasara, hasa yule ambaye tayari ameachwa na watu. Vijana wawe wasaidizi wa walimu wa hapo: wakate karatasi, wagawe maji, wasimamie lango. Mwalimu anayemjua mtoto kwa jina ndiye awe mbele.

Na picha za mtu anayepokea chakula, au aliyelala barazani, zisipigwe kabisa. Hata aliyekubali amekubali akiwa na njaa, mbele ya mtu mwenye sahani mkononi. Pigeni picha ya ukuta, ya stoo, ya kikundi chenu. Waliochangia fedha wanaweza kuridhika na hizo.

Fedha zenyewe: mwulizeni mwenyeji kuwapokea kunamgharimu kiasi gani kwa maji, umeme, vifaa na muda wa mtu anayewasimamia, na mlipe kabla ya kufika. Tengeni asilimia kumi ya bajeti kwa yasiyotarajiwa. Fedha ikibaki, iachwe kwake aitumie anavyoona.

Jioni, baada ya kuoga na kula, kaeni dakika arobaini na tano, si zaidi, watu wamechoka. Swali la "umejisikiaje?" huzaa majibu ya kukariri. Ulizeni: leo umejifunza jina la nani? Nani amekufundisha kitu? Kitu gani umekiona ambacho hukielewi? Swali hilo la mwisho alipelekewe mwenyeji kesho yake, maana ndiye anayejua kwa nini kodi imepanda, kwa nini zahanati ya jirani ilifungwa, kwa nini yule mama hataki kulala kwenye makazi ya usiku. Kwenye Yeremia 29 waliokuwa uhamishoni waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani na kuutakia mji amani. Kijana hawezi kuuombea mji ambao ameuona kwenye dirisha la basi tu.

Siku ya mwisho isiwe ya matembezi asubuhi. Iwe ya kumalizia: brashi zioshwe, ngazi zirudishwe, funguo zihesabiwe, na mwenyeji apewe karatasi yenye yale ambayo hayakukamilika, pamoja na tarehe mnazoomba kurudi mwaka ujao. Rangi iliyobaki ifunikwe vizuri, na juu ya kifuniko iandikwe kwa kalamu isiyofutika: namba ya rangi, chumba, ukuta gani, mwezi na mwaka.