Mazimwi nao wana watoto wa kubembeleza

Wengi wetu tunaotunga visa vya ulimwengu wa kubuni hapa Unguja na Pemba tukifika kwa zimwi huishiwa. Mwana wa mfalme hupewa nasaba, mji, hata rangi ya kilemba. Zimwi hupewa meno na njaa, basi. Hata katika ngano tuliyolelewa nayo, ya zimwi aliyemtia msichana ndani ya ngoma, ngoma ni ya zimwi lakini wimbo ni wa msichana. Mimi nautaka wimbo wa zimwi mwenyewe.

Nao naona haufai kuanza kwa maneno. Uanze kwa mnyama. Mtazame kima punju wa msitu wa Jozani, Unguja: anakula majani ya mwembe na mkungu, ambayo yana vitu vya kumvuruga tumbo, kisha huokota makaa ya miti iliyoungua akayatafuna, maana mkaa hunyonya ile sumu. Hukaa na kipande mkononi, anakimega kidogo kidogo, hana haraka. Mtunzi ataka nini tena? Mimi nimemkuza akawa na kimo cha ng'ombe, nikampa macho ya komba aone usiku. Sasa mazimwi wangu wachomao makaa hawalali, kwani tanuri likiachwa, alfajiri halina kitu. Wanawake hukesha wakipokezana kuimba, sauti nzito upande huu, nyembamba upande ule, mnyama asipate pa kupenya. Mdundo umetoka kwenye kazi.

Na viungo vyao je? Mchezaji wa ngoma ya msewe kule Pemba hufunga miguuni vitu vya kulia. Jitu lenye magamba halina haja ya kufunga kitu. Likitikisika tu, ngoma imeshaanza.

Wanaowapa mazimwi nyimbo za vita peke yake, sikubaliani nao hata kidogo. Sisi tuna nyimbo za kuvuta juya, za kutwanga, za unyago. Kwa nini wao wanyimwe? Mazimwi wangu wa mikokoni, wanaowinda mkunga, yule samaki kama nyoka, maji yakipwa, humlaza mtoto hivi:

Nyamaza kijino changu,
maji yapwa taratibu,
babako yu matopeni,
atarudi na mkunga.

Sasa shujaa na aje na panga lake, amkute mama huyu anaimba, tuone msomaji atasimama upande wa nani.