Bunduki irudi ghalani, askari abaki askari

Mwezi Mei 2023 konstebo mmoja wa polisi alimpiga risasi mkopeshaji fedha ofisini kwake Kampala. Baadaye polisi wenyewe walieleza kwamba askari huyo alikuwa na historia ya ugonjwa wa akili na alishazuiwa kubeba silaha. Bunduki aliyotumia ilikuwa ya askari mwenzake aliyekaa naye. Wengi walijadili deni alilodaiwa askari huyo. Mimi naona kubwa zaidi ni hili: katazo lilikuwepo kwenye karatasi, na silaha ikawa inafikika nyumbani.

Askari wa Uganda anaficha ugonjwa kwa sababu anajua hesabu yake. Akisema hapati usingizi, au akisema anasikia milio usiku, bunduki itachukuliwa. Bila bunduki anaogopa kutopangwa tena kazi zenye posho, na akionekana Butabika, hospitali ya taifa ya wagonjwa wa akili, hata kwa siku moja, jina hilo litamfuata kambini kote. Kwa hiyo ananyamaza, na OC, yaani mkuu wa kituo, anaendelea kumpanga lindo.

Na lindo lenyewe linaumiza. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungua wepesi wa akili kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Akitoka zamu ya usiku anarudi kulala mchana kwenye yuniporti, kile kibanda cha duara cha bati, jua la saa saba likiwaka na watoto wa jirani wakicheza mlangoni. Waragi, pombe kali ya Uganda, humpa usingizi upesi, kisha humkatizia usingizi huo katikati. Kumwambia aache pombe bila kumgusia ratiba ya zamu ni kumwonea.

Kuna kosa jingine linalofanywa kwa nia njema. Baada ya ajali mbaya, tuseme kwenye barabara ya Kampala–Masaka, askari waliookota miili hukusanywa siku hiyohiyo ili kila mmoja asimulie alichoona. Shirika la Afya Duniani halishauri vikao vya lazima vya namna hiyo, maana havizuii kiwewe. Wape maji ya kuoga, chakula, usingizi, na mtu wa kuongea naye kwa hiari yao. Kisha waangaliwe upya baada ya mwezi: nani bado anaota tukio lile, nani anakwepa barabara hiyo, nani anashtuka na kufoka ovyo nyumbani. Hao ndio wa kupelekwa kwa mtaalamu.

Sasa bunduki. Daktari aandike neno moja tu kwa mkuu wa kituo: anafaa au hafai kubeba silaha, na tarehe ya kuangaliwa tena, siku 30 mbele. Jina la ugonjwa halimhusu OC. Askari huyo apewe kazi ya mchana kwenye kaunta au kwenye kumbukumbu za kesi, mshahara na cheo vikibaki palepale. Lakini kumzuia yeye peke yake hakutoshi ikiwa mwenzake analala na bunduki ya SMG chini ya kitanda. Silaha zote zirudi ghalani mwisho wa zamu: magazini, kile kisanduku cha risasi, itolewe kwanza, ndipo bunduki ikokiwe na chemba ikaguliwe kwa macho. Anayekoki kabla ya kutoa magazini anaingiza risasi nyingine bila kujua. Risasi zihesabiwe, askari na mtunza ghala wote wawili watie saini. Haya huvunjika usiku, mtunza ghala akiwa ameenda kwake, au askari wanapopokezana bunduki mkono kwa mkono barabarani. Kituo kinahitaji watunza ghala wa kupokezana saa 24.

Matibabu nayo yana kanuni zake. Amitriptilini, dawa ya sonona, huleta usingizi mzito, basi anayeitumia asipangwe lindo la usiku. Fluoksetini, nayo dawa ya sonona, huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi kuonyesha nafuu. Wengi huiacha wiki ya kwanza, maana wanachohisi ni kichefuchefu tu.

Uhamisho ndio unaovunja kila kitu. Askari akitolewa Kampala kupelekwa Kotido, kaskazini-mashariki mwa nchi, aondoke na dawa za siku 30 na barua ya rufaa kwa hospitali ya Moroto, katika eneo hilohilo, kwenye bahasha iliyofungwa ambayo anaibeba mwenyewe.