Afrika bila mipaka, ila saluni tuachieni

Ukitaka kumfurahisha mbeba boksi wa huku Uingereza, mpigie stori za Afrika moja. Tunaisifu Rwanda na Ghana kwa kutangaza kuwaondolea Waafrika wote viza, tunataja mkataba wa eneo huru la biashara la Afrika uliosainiwa Kigali mwaka 2018, na Ajenda 2063, ile dira ya maendeleo ya Umoja wa Afrika, tunaizungumzia kana kwamba ni keshokutwa. Na mimi nimo. Ila Julai 2025 Tanzania ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, wengi wetu walewale tulishangilia.

Zimo rejareja, uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, kuongoza watalii, na saluni isipokuwa za hotelini au za utalii. Mgeni akikamatwa, faini inaanzia shilingi milioni 10.

Wanaoiunga mkono wana hoja. Mwenye fremu Kariakoo analipa pango, anachukua mzigo kwa jumla, halafu mgeni aliyeshusha kontena lake mwenyewe kutoka Guangzhou anafungua duka mlango wa pili na kuuza mojamoja kwa bei ya jumla. Utashindana naye vipi? Hata Ghana hiyohiyo, sheria yake ya uwekezaji ya mwaka 2013 inawaachia wazawa uchuuzi, saluni na vinyozi. Na machafuko ya Afrika Kusini ya mwaka 2008, yaliyoua zaidi ya watu 60, yaliwaka kwenye mitaa ya maskini, si Sandton kwa matajiri. Serikali inayoogopa riziki ya chini kugombaniwa haiogopi bure.

Kinachonikwaza ni kwamba amri haimtenganishi mwenye kontena na msusi wa Kiganda. Kenya ililalamika, na haki ilikuwa nayo: soko la pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, linampa mwananchi wa nchi mwanachama haki ya kujiajiri kwa jirani.

Hapa mjini Reading yupo dada wa Temeke anayesuka kwenye kiti alichokodi katika saluni ya Mghana. Jumamosi hana hata nafasi ya kula. Wapo Waingereza wanaoona kiti kile ni cha mzawa. Hao tunawaita wabaguzi. Siku akichukua uraia wa huku, wa Tanzania anaupoteza, na kwa amri ile atakuwa mgeni asiyeruhusiwa kufungua saluni Temeke.

Ningekuwa na kauli, ningepima mtaji badala ya pasipoti: mwenye kontena awekewe masharti yake, msusi wa Kampala akate leseni na alipe kodi kama jirani yake. Nitaambiwa mtaji haukaguliki, kwamba mgeni mwenye pesa atajificha nyuma ya jina la mzawa. Kweli, lakini mchezo huo upo hata sasa, ndiyo maana amri yenyewe imemwekea adhabu na mzawa atakayemsaidia.