Masika bila jukwaa: lawama ni ya mvua au ya ratiba?

Ukiitazama ratiba ya sanaa ya Zanzibar kwa mwaka mzima, vilele vyake ni viwili. Februari kuna Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004 na ambalo kwa miaka mingi makao yake yamekuwa Ngome Kongwe. Katikati ya mwaka inakuja ZIFF, tamasha la filamu la nchi za jahazi, na Julai Makunduchi wanakoga mwaka, sherehe yao ya jadi ya mwaka mpya. Baina ya vilele hivyo, mwishoni mwa Machi mpaka Mei, ni kimya. Masika yameingia, hoteli nyingi za Nungwi, Kendwa na Paje zimefunga milango au zinapaka rangi, na mpiga gitaa aliyekuwa akilipwa kwa usiku ufukweni amerudi nyumbani kusubiri Juni.

Wapo wanaotaka pengo hilo lizibwe kwa msimu wa masika wa muziki, ngoma na maigizo, uliokusudiwa wenyeji. Wapo wanaoona huko ni kujitafutia hasara. Mimi niko na wa mwanzo, ila kwa masharti, na masharti yenyewe nimeyapata kwa kuwasikiliza wa pili.

Hoja yao ya kwanza ni mvua, na haipuuziki. Majukwaa yetu yanayojulikana hayana paa. Duara la Ngome Kongwe ni ngazi za mawe chini ya mbingu, Forodhani ni bustani, na kiwanja cha sikukuu cha Mnazi Mmoja kipo pale palipokuwa na hori la bahari likitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla ya kufukiwa. Pemba ndiyo zaidi, maana mvua zake kwa kawaida huzishinda za Unguja. Vyombo navyo havipendi unyevu: ngozi ya ngoma ya dumbak hulegea, na mpiga kanuni, ala yenye nyuzi zaidi ya sabini inayolazwa mapajani, anaweza kumaliza nusu ya usiku akizirekebisha.

Hata hivyo, mvua haijapata kuzuia harusi. Ikiangukia Aprili, watu hufunga turubali uani, kidumbak, taarab ndogo ya ngoma, kikaingia, besi yake ya sanduku ikapigwa, na akina mama wakacheza huku maji yanachuruzika pembeni. Harusi ina mwenyewe, na mwenyewe amekwisha kulipa. Kwa hiyo ninaposikia kwamba masika hayaruhusu sanaa, huwa nasikia zaidi kwamba masika hayana mlipaji.

Hoja ya pili ni nzito kuliko ya mvua, na ajabu ni kwamba hutajwa mara chache. Masika ni wakati wa kulima. Anayepanda mpunga katika mabonde ya Cheju, au katika mabonde ya Pemba, huondoka alfajiri na kurudi na tope magotini; usimwambie habari ya onyesho la saa tatu usiku. Wazee waliopanga ngoma na michezo baada ya mavuno walijua wanachofanya. Hapa wanaodai kwamba ukimya wa masika umeletwa na utalii peke yake wanakosea. Sehemu ya ukimya huo ni ya kale na ina sababu. Ila mkaazi wa Magomeni, wa Jang'ombe au wa Chake Chake mjini halimi mpunga. Anafungiwa ndani na mvua kuanzia magharibi, na simu ndiyo burudani yake. Tukichanganya shamba na mjini katika hoja moja, tutapata jibu lisilofaa kokote.

Inabaki dini, na hapa ndipo nadhani hesabu yetu imepitwa na wakati. Kwa miaka kadhaa Ramadhani ilikuwa inaangukia ndani ya masika. Mwaka 2021 ilianza katikati ya Aprili ikaisha katikati ya Mei. 2022 ilichukua takriban Aprili nzima. Katika mwezi huo hakuna anayepiga ngoma, wala hapaswi kuombwa apige. Tukazoea kwamba miezi ya mvua ndiyo miezi ya kufunga, na vyombo vikae kabatini. Lakini mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza wiki ya pili ya Februari, na 2028 mwishoni mwa Januari, kwa kutegemea mwandamo. Aprili na Mei zimefunguka, na zitabaki wazi kwa zaidi ya miaka ishirini. Itakayobanwa sasa ni Februari, mwezi uleule tuliouwekea tamasha letu kubwa la muziki.

La kupendeza zaidi ni kwamba Idi ya Mfunguo Tatu, yaani Idi kubwa ya kuchinja, nayo inahamia masika: katikati ya Mei 2027, mwanzoni mwa Mei 2028, na 2029 itakuwa mwishoni mwa Aprili. Sikukuu kwetu haihitaji kutangaziwa. Watoto watavaa nguo mpya na kudai sikukuu yao, viwanja vitajaa siku zote nne, na taarab ya usiku wa Idi ni ada ya mji huu. Maana yake ni kwamba hadhira ya masika itakuja yenyewe, tutake tusitake. Kinachobaki kujadiliwa ni kama itaikuta burudani chini ya paa au itakuta mabembea yamezama majini.

Sasa fedha. Wanaoogopa hasara wana ushahidi: Sauti za Busara, pamoja na jina lake lote duniani, halikufanyika 2016 kwa sababu fedha hazikutosha. Ikiwa tamasha lenye watalii na wafadhili lilikwama, la mvua bila watalii litasimama na nini? Swali hili linawashinda wengi wa upande wangu, kwa sababu wanachokiota ni Busara ya pili: jukwaa kubwa, taa, wasanii wa kupanda ndege. Hilo kweli litakufa mwaka wa kwanza, na nisingelilia.

Ninachokitaka ni kidogo mno kiasi kwamba baadhi hawatakiita tamasha. Kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, na kile cha Culture Musical Club tangu 1958. Hawa hawaundwi upya. Wana waimbaji, wana nyimbo, na wana mazoezi yao. Usiku mmoja wa mazoezi kwa wiki ukifunguliwa kwa kiingilio cha bei ya sahani ya urojo, gharama mpya ni viti na chai. Tena taarab ina njia yake ya fedha ambayo haijasubiri wafadhili: mtu akiguswa na beti huinuka na kwenda kumtunza mwimbaji mbele ya watu. Wanafunzi wa chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanza 2002, wangepata hadhira ambayo haitoki kwenye meli wala hoteli, na hadhira hiyo ndiyo inayojua pale mpiga udi alipokosea.

Maigizo ni kesi ngumu zaidi. Jukwaani tumeyaachia kazi ya kupeleka ujumbe wa malaria na udhalilishaji, kazi nzuri lakini haimlei mwandishi. Nilidhani kumbi za skuli zingefaa, mpaka nilipokumbuka mapaa yake ya bati. Mvua ya Aprili ikishuka juu ya bati, mwigizaji asiye na kipaza sauti anabaki kuchezesha midomo tu. Kwa hiyo maigizo yanahitaji ukumbi wa dari, kama ule wa Raha Leo, na kumbi za namna hiyo hutolewa kwanza kwa semina na mikutano. Hapo serikali inaweza kusaidia bila kutoa shilingi: itenge usiku fulani wa Aprili na Mei kwa wasanii bila kodi ya ukumbi, na kibali kitolewe kwa msimu mzima badala ya onyesho mojamoja.

Kwa Pemba nina wasiwasi ambao sijaweza kuumaliza. Msewe na kibati, ngoma za huko, ni vya uwanjani, vinataka vumbi na duara la watu wanaosogea. Ukiviingiza ukumbini unapata maonyesho ya wageni wa serikali, na hayo tumeyaona ya kutosha. Pengine Chake na Wete wapewe taarab na maigizo ya masika, na ngoma za shamba zisubiri jua na mavuno kama zilivyozoea, hata kama ripoti ya msimu itaonekana imepungukiwa na utamaduni. Na wakulima wa Cheju wasihesabiwe kuwa wamesusa iwapo hawatafika mjini. Wao Julai yao ipo.